Wa Kukaa Kichwani

Matroni, fomu yako ina mistari minne tu
chini ya "eleza kilichotokea".
Nimegeuza karatasi, naandika nyuma.

Saa nane usiku, Jumamosi ya mshahara.
Vijana wawili wa bodaboda walimleta wa tatu,
Mahona Bugumba wa Buhongwa, bega limeteguka,
mkono unaning'inia kama wa kuazima.
Alikuwa akipiga kelele.
Kelele zile nazikumbuka kwa shukrani,
utaona kwa nini.

Kwenye ratiba tulikuwa wawili.
Leokadia alikuwa amempeleka mjamzito upasuaji,
lifti imekwama, wakapanda ngazi
wakipumzika kila kituo.
Wawili, basi, kwenye karatasi.
Sakafuni nilikuwa mmoja, wagonjwa kumi na watano,
na kipima-oksijeni kimoja, kinavaliwa kwa zamu
kama koti la harusi la ukoo mzima.

Daktari Rwechungura hakukosea kuharakisha:
bega likikaa nje sana, misuli hukaza.
Midazolamu, akasema. Pethidini, akasema.
Nikachoma polepole.
Akavua kiatu, akaweka unyayo kwapani mwa kijana, akavuta.
Tukasikia kitu kidogo, kluk,
kama kifuniko kimepata sufuria yake.

Hapa ningepata wino mwekundu ningeutumia.
Watu hudhani bega likiingia hatari imekwisha.
Kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimtikisa:
pumua, wewe, pumua.
Maumivu yalipotoka
wakabaki wawili, yeye na dawa.

Kitanda cha sita, mtoto akaanza degedege.
Daktari akakimbia. Nikakimbia.
Kipima-oksijeni kikakimbia nasi, mfukoni mwangu.
Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sijui zilipita dakika ngapi.
Saa ya ukutani imesimama tangu Pasaka.
Aliyesikia ni Nkwimba wa usafi,
ndoo yake imefika kitanda cha kumi.
Hakusikia kitu; ndicho alichosikia.
"Sista, huyu alikuwa anakoroma. Ameacha."

Nikainua taya. Midomo ilikuwa na rangi
ya maji ya Igogo chini ya magugu.
Nikambana na mfuko wa hewa,
bonyeza, achia, bonyeza, achia,
kifua kikipanda kwa mkono wangu, si kwa hiari yake.
Nkwimba akamulika kwa simu, dekio bado kwapani,
mpaka Mahona akakohoa, akatutukana kwa Kisukuma,
na Nkwimba, asiyekuwemo kwenye ratiba yoyote,
akamrudishia tusi lake zima.

Mahona amekwenda nyumbani.
Aliondoka akiuliza nani atalipa taa ya pikipiki.
Hajui. Hakuna aliyemwambia, nami sikumwambia,
na hilo pia liandikwe.

Fomu inauliza: Nani alikuwa na mgonjwa?
Nimejaza: mimi.
Kisha, kwa herufi ndogo, pembeni:
pamoja na wengine kumi na wanne.

Jana usiku akaja mpakiaji wa sangara kutoka Kirumba,
kiwiko kimetoka. Daktari akaitisha dawa.
Nikaivuta kwenye sindano, nikaishika, sikuichoma.
"Nani atakaa kichwani?"
Akatazama mlango. Akatazama vitanda.
Akavuta kiti, akakaa, akainuka, akaitwa.

Tulimngoja Leokadia dakika arobaini.
Mpakiaji alilia zote arobaini, kanibana vidole,
jasho lake linanuka samaki na barafu.
Nikamwambia samahani, kaka.
Nikamwambia lia, lia tu.
Na kila alipovuta hewa ili alie tena,
niliihesabu.